Majina Sitini na Matatu Dhidi ya Taa

Jumapili, 7 Septemba 2025

Salamu nyingi zenye heshima kwako, daftari langu, na kabla ya neno lingine naomba radhi. Siku nane sijakuandikia. Si ugonjwa. Si safari. Ni woga — nautaja mapema, nisije nikauzungukazunguka kama ilivyo tabia yangu.

Misheni walitufunza kwamba anayechelewa hutoa sababu. Yangu ni hii.

Jumamosi ya tarehe thelathini Agosti tulikuwa na mkutano wa hadhara hapa kwetu Ushirika, chini ya mabati ya kanisa. Mama mmoja wa ofisi ya wadi, mpole sana, alileta ramani. Taa ishirini na mbili, kutoka tunapochepukia Kangundo Road hadi daraja la mto. Matuta matatu ya kupunguza mwendo. Na njia ya waendao kwa miguu, upande wa kushoto. Upande wangu! Akasema maoni yetu yafike ofisini kwa maandishi, yakiwa na sahihi, kabla ya kufungwa Ijumaa tarehe ishirini na sita Septemba. Wakazi wakikataa, taa zitapelekwa mtaa mwingine.

Mwenyekiti wetu, Kinyanjui, akasimama na fimbo yake. Kwamba tulinunua ploti hizi mwaka wa 1979 tupate mahali pa ng'ombe na pa giza la Mungu, wala si Nairobi nyingine. Taa zikija vitakuja vibanda, vibanda vikija itakuja baa, na baa ikija shamba limekwisha. Wenye ploti wakapiga makofi. Nami nilipiga. Naomba radhi, lakini nilipiga.

Ndipo akainuka Muhonja, mpangaji wangu wa chumba cha nyuma, mwenye kazi katika kiwanda cha mikate ng'ambo ya barabara kuu. Alisema kwa adabu kwamba yeye hutoka saa kumi na moja alfajiri, na malori ya mawe hupita saa hiyo hiyo, na hakuna dereva anayemwona. Kweyu wa pikipiki, ambaye huwasemea wapangaji, akadakia kutoka nyuma: "Ng'ombe za chea ndizo ziko na haki ya kulala! Sisi tukanyagwe tu!" Watu wakacheka. Kinyanjui, ambaye vijana humwita chea, hakucheka.

Kwaya ikafika kufanya mazoezi, ikatusimamia mlangoni mpaka tukafunga kwa sala. Kura haikupigwa.

Sasa dhambi yangu. Mimi ni katibu wa chama cha wakazi mwaka huu wa thelathini na moja. Katika kila mkutano mimi huzungusha karatasi ya mahudhurio kabla ya sala ya kufungua, na kila aliyekuja, mwenye ploti au mpangaji, huandika jina na kutia sahihi. Ndiyo desturi. Ila kichwa cha karatasi hukiacha wazi, nikakiandika nyumbani kwa rula na wino mwekundu ili kinyooke.

Jumatatu iliyofuata Kinyanjui alikuja kunywa chai. Karatasi ilikuwa mezani. Majina sitini na matatu, na juu patupu. Akasema, "Katibu, andika hapo: Sisi tuliotia sahihi hapa chini tunapinga taa." Nikamwambia, mwenyekiti, si wote wanaopinga. Akanijibu, "Walikuja. Walisikia. Nani alitoka?"

Nikautazama dirishani ua wa kayaba ulio kando ya barabara. Marehemu Nerima wangu aliupanda mwaka wa 1984, miiba ikimtoboa vidole. Njia ya miguu ingepita juu yake.

Nikachukua rula. Herufi zilinyooka sana. Kinyanjui akatia sahihi ya mwenyekiti, akaipeleka mwenyewe ofisi ya wadi.

Jumatano, 10 Septemba 2025

Alfajiri nimesikia komeo la lango. Muhonja huyo, anakwenda. Baadaye sandali zake kwenye changarawe, kisha lori — halina breki za kusikika, lina mtikisiko tu. Vikombe vikalia kabatini.

Ana mazoea aliyowekeana na Nerima, na Nerima alipofariki akaniachia mimi: akifika steji ya matatu hupiga simu mara moja na kukata. Nikiona jina lake kwenye kioo, nalala tena. Zamani nilikuwa naona ni upendo. Wiki hii naona ni hukumu, imeahirishwa hadi kesho.

Leo simu imelia. Ashukuriwe Mungu.

Alhamisi, 11 Septemba 2025

Imelia.

Ijumaa, 12 Septemba 2025

Haikulia.

Saa kumi na moja na robo. Na nusu. Nilivaa koti juu ya nguo za kulalia nikatoka na tochi. Giza lilikuwa kama blanketi limetundikwa mbele ya uso. Kabla ya daraja nikaona taa za lori, zimesimama, na watu wameinama. Nikajua.

Yu hai! Mguu wa kulia umevunjika mahali pawili. Kweyu alimpakata mpaka gari likapatikana. Dereva ameketi ukingoni mwa barabara, mikono kichwani, mtu mzima analia. Mimi nilisimama na tochi yangu nikimulika viatu vya watu. Sikuwa na kazi nyingine.

Radhi kwa mwandiko.

Jumamosi, 13 Septemba 2025

Nimetoka hospitalini. Nilimpelekea uji na kanga ya kujifunika.

Yeye ndiye aliyeniomba radhi! Eti amenisumbua. Huniita Kuka, jina la babu kwa lugha yetu, ingawa yeye ni wa Maragoli nami Mbukusu. "Kuka, dereva hakuniona. Aliniambia mwenyewe: mama, wallahi sikukuona."

Nikasema pole. Nikasema pole tena. Kisha akashika mkono wangu, akasema neno ambalo sijui nitalibeba vipi. Kwamba heri angalau tulisaini, akidhani karatasi ile ilikwenda kuomba taa. Taa zinakuja. Mwingine hatagongwa. "Mimi ni namba kumi na saba, Kuka. Niliangalia."

Nilikuwa nimefungua kinywa. Muuguzi akaja na dawa. Nikakifunga. Naandika ukweli: nilimshukuru muuguzi yule moyoni.

Jumatatu, 15 Septemba 2025

Saa nne asubuhi walikuja langoni, watu kama kumi na wawili, Kweyu mbele. Nilidhani wamejua. Nikashika nguzo ya lango kana kwamba nakagua rangi.

Hawajui. Ni afadhali wangejua!

Kweyu alikwenda ofisi ya wadi kuuliza taa zinaanza lini, sasa mtu ameumia. Akaambiwa Ushirika imekataa. Barua ipo, sahihi sitini na tatu, sawa na hesabu ya mahudhurio. Hakuonyeshwa, faili iko kwa mkubwa, arudi Ijumaa ya wiki ijayo apewe nakala.

"Mzee wetu," akaniambia, "kuna msee fulani aliiba karatasi yako akaiwekea kichwa. Wewe ndiye katibu. Tusaidie tumjue."

Mwanamke mmoja akasema labda ni mwenyekiti. Kweyu akakataa: "Chea kuandika? Huyo hata jina lake huandika kama anachimba mtaro. Kuna mtu alimwandikia."

"Na tukimpata?" mwingine akauliza.

Kijana mwenye kofia ya sufu akafanya vidole kama anayewasha kiberiti. Wachache wakacheka. Kweyu hakucheka, wala hakumkanya.

Nikasema nitatafuta. Hilo ndilo neno nililotamka, katibu wa miaka thelathini na moja. Nitatafuta!

Walipoondoka nilibandua kibao cha langoni: TAFADHALI FUNGA LANGO. ASANTE. Niliandika mwenyewe, kwa rula, kwa wino mwekundu. Kisha nikakumbuka ratiba ya ibada kanisani. Orodha ya zamu za kuchota maji. Ubao wa matanga. Mwandiko wangu umetapakaa mtaa mzima, kila mtu anaupita kila siku. Ijumaa ya tarehe ishirini na sita Kweyu atakapopewa nakala, hatahitaji kuuliza.

Jumanne, 16 Septemba 2025

Kinyanjui alikuja. Chai hakunywa.

Nikamwambia tuirudishe barua ile, mwenyekiti, kungali na muda. Akaniuliza kama nimesahau Gachanja. Nani atamsahau? Kifungua mimba wake, aliyeuawa kule Kware na wezi wa simu, chini ya ile taa kubwa ya mlingoti wanayoiita mulika mwizi. "Ilikuwa inawaka, katibu. Mwanga kama mchana. Ilinionyesha damu yake vizuri, hakuna kingine ilifanya."

Nilimsikitikia kwa kweli. Amefuga ng'ombe wanne na msiba mmoja, naye hulala zizini mara nyingi kuliko nyumbani.

Lakini alipofika mlangoni akageuka. Taratibu kabisa, kama anayekumbusha siku ya mkutano. "Wakiniuliza, nitasema uliniletea ikiwa imeandikwa. Mwandiko si wangu, katibu."

Miaka arobaini na sita tumekuwa majirani.

Alhamisi, 18 Septemba 2025

Binti yangu Mourine amepiga simu kutoka mtaa wa Tena. Amesikia mambo. Nilimweleza yote, ndiye mtu wa kwanza. Akasema, "Baba, wewe uliandika tu. Uliambiwa."

Nikataka sana kuamini.

Anataka nije nikae kwake mpaka vumbi litulie. Chumba kipo. Wajukuu wapo. Nimeshusha sanduku kutoka juu ya kabati. Nimetia mashati mawili na Biblia. Nimetoa Biblia. Nimeirudisha.

Jumamosi, 20 Septemba 2025

Jioni, jua halijazama, kitu kimegonga bati kwa kishindo. Nikajua wamekuja na mawe. Nilijibana kati ya kabati na ukuta, mimi, mzee wa miaka sabini na tisa, huku nikisema Zaburi kwa kunong'ona na kurukaruka mistari.

Baada ya robo saa nikachungulia. Avokado. Zimeiva, zinaanguka.

Nilicheka peke yangu hadi nikaogopa kicheko chenyewe. Kisha nikala ile avokado kwa mkate, maana sikuwa nimepika tangu asubuhi.

Jumapili, 21 Septemba 2025

Muhonja ameletwa nyumbani. Plasta hadi juu ya goti. Magongo mawili. Wanawake wa kanisa walimwimbia mlangoni mwake, nami nikaimba nao, sauti ya tatu.

Sanduku limekaa karibu na kitanda, limefungwa. Mourine atakuja kunichukua Alhamisi baada ya kazi.

Jumatatu, 22 Septemba 2025

Nimemwambia.

Sikupanga. Nilimpelekea maji ya kuoga kama nilivyofanya jana, nikaweka ndoo chini, na maneno yakatoka kabla sijanyanyua mgongo. Kwamba hakuna mwizi wa karatasi. Kwamba karatasi ni ile ile, na kichwa ni mimi. Kwamba lilikuwa jambo la ua wa Nerima, na la kutoweza kumkatalia mtu chai yake ikiwa mkononi.

Alikuwa ameketi kitandani, mguu juu ya kreti ya soda. Redio ya jirani ilikuwa ikitangaza bei ya nyanya.

"Jina langu pia?"

Nikasema ndiyo.

"Namba kumi na saba."

Ndiyo.

"Mimi nilipinga taa. Mimi!" Akapiga plasta kwa ngumi, pa! "Halafu nikaenda nikagongwa."

Nikaanza kusema naomba radhi kwa moyo wa unyenyekevu. Akainua kiganja. "Enda kwa nyumba yako, mzee."

Mzee. Si Kuka.

Nilirudi na ndoo. Nilisahau kuiacha, ikabidi nirudi kuipeleka, nikaiweka nje ya mlango kama mtu anayemwekea paka mkali samaki. Hapana, mfano huo haufai. Niliiweka nje ya mlango, basi.

Jumanne, 23 Septemba 2025

Hakuna aliyekuja. Inamaanisha hajamwambia Kweyu. Kwa nini hajamwambia? Kila pikipiki inayopita nasimama. Leo nimesimama mara ishirini na zaidi.

Naogopa kiberiti. Naogopa pia, nami nashangaa kuona ni woga ule ule, siku nitakayokuwa Tena nikinywa chai na wajukuu, na mtu mwingine anatoka lango hili saa kumi na moja alfajiri.

Jumatano, 24 Septemba 2025

Muhonja alikuja. Yeye mwenyewe, kwa magongo, hatua ishirini kutoka chumba chake hadi mlango wangu, jasho likimtiririka. Nilimpa kiti cha Nerima. Hakunisalimu.

"Una karatasi?"

Ninayo.

"Andika."

Kumbe amekuwa akiwaza siku mbili. Barua ya wapangaji pekee haitoshi, anasema. Ofisi itaona sahihi sitini na tatu huku na ishirini huku. Inatakiwa barua ya aliyeandika ile ya kwanza, akiri kwamba yale ni mahudhurio. Na ifike kesho kutwa kabla ya ofisi kufungwa.

Nikaandika. Nilianza kwa salamu kwa afisa wa wadi, afya yake, jamaa yake, kazi zake nyingi. Nikamsomea.

"Hiyo yote ni ya nini?"

Heshima, nikasema.

"Ataisoma mpaka wapi kabla achoke?"

Nikabakisha mstari mmoja wa salamu. Nikaendelea: kwamba kwa bahati mbaya kulitokea hali ya kutoelewana kuhusu matumizi ya orodha —

"Bahati mbaya ni ya lori," Muhonja akasema. "Wewe ulichukua rula."

Nilifuta. Karatasi ya pili. Ya tatu. Ya tano ndiyo hii, nainakili hapa ili nisijidanganye baadaye:

"Majina hayo sitini na matatu yalikuwa ya waliohudhuria. Hawakuulizwa kama wanataka taa. Nilijua hivyo nilipoandika juu yao kwamba wanapinga. Nilifanya hivyo kwa sababu nilitaka kuokoa ua wa nyumba yangu. Asubuhi ya tarehe kumi na mbili mmoja wa watu hao, wa kumi na saba, alivunjwa mguu na lori katika giza. Naomba taa zisipelekwe kwingine."

Alinisikiliza macho yamefumbwa. Kisha akasema, "Na ua?"

Nikasema, utakatwa.

Aliinuka kwa magongo. Mlangoni akasimama, nikadhani atasema neno jema. Aliniuliza kama maji ya moto yapo.

Alhamisi, 25 Septemba 2025

Saa kumi na mbili kasoro dakika kumi, jioni. Naandika chumbani, mlango umerudishwa nusu.

Mourine alipiga saa saba kusema atafika na gari kabla ya usiku. Nikamwambia asije. Akalia. Nikamwambia nina barua ya kumaliza, mama, nisamehe. Sanduku bado limefungwa. Sikusema mimi ni shujaa.

Kinyanjui alipita na ng'ombe wake mara mbili akitazama ndani. Mara ya tatu alisimama langoni. Sijui alisikia wapi. Sauti yake ilikuwa ya upole kabisa, ya siku zote.

"Katibu, nasikia una barua ya wadi. Leta, mimi nafika huko kesho asubuhi. Usijisumbue na hayo magoti."

Barua ilikuwa mfukoni mwa koti. Nami — Mungu ananiona — mkono wangu ulikwisha kuingia mfukoni. Mtu anapojitolea kukusaidia, humkatalii. Ndivyo nilivyolelewa. Nilikuwa nimeishika, karatasi ilikuwa imetoka nusu!

"Asante, Mzee Kinyanjui," Muhonja akasema kutoka mlango wa chumba chake. "Imeshapata mtu."

Kinyanjui akamtazama yeye, akautazama mguu wake. Kisha akanitazama mimi, muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu. Akawapiga ng'ombe mluzi, akaenda. Hatanisalimu tena katika maisha haya, nadhani.

Nikamuuliza Muhonja ni mtu gani aliyepatikana. Akasema amempigia Kweyu. Kesho anakwenda huko kuchukua ile nakala; na hii aende nayo.

"Umemwambia ni barua ya nini?"

"Nimemwambia wewe, Mzee Lusweti, una barua. Ya ndani utamwambia wewe."

Nilisema Kweyu anamsaka aliyeandika. Kwamba kulikuwa na yule wa kiberiti. Muhonja akanijibu tu kwamba Kweyu atauona mwandiko kesho saa tatu, hata nikijificha kwenye tangi la maji. Afadhali auone nikiwa mbele yake.

Amekuja sasa hivi. Pikipiki ameizima nje ya lango. "Mzee wetu, niaje? Lete hiyo kitu, asubuhi mapema niko hapo." Nilimpa kiti barazani. Nikampa barua, haijafungwa. Akauliza kama aiweke tu ndani ya jaketi. Nikamwambia hapana, ndugu yangu, isome kwanza, tafadhali, na uniwie radhi.

Kisha nikasema nakwenda kutafuta bahasha. Bahasha ilikuwa mezani, mbele ya macho yangu. Niliingia huku kwa sababu miguu iliingia.

Namwona kwa upenyo wa mlango. Amevua helmeti, ameiweka magotini. Anasoma kwa kidole, mstari kwa mstari. Amefika katikati. Kidole kimesimama.

Muhonja yuko mlangoni pake, ameegemea magongo, anamtazama. Kuna mtu mwingine ameegesha pikipiki nje ya lango, sioni ni nani, labda mwenye kofia ya sufu, labda si yeye.

Kweyu ameinuka. Ameketi tena. Anaanza kusoma upya kutoka juu.

Sasa ananiita. Si "mzee wetu". Ananiita kwa jina langu lote, kwa sauti ya chini. Nakuja, nimesema. Nakuja. Nimeandika juu ya bahasha, bila rula: Kwa Afisa wa Wadi. Kwa mkono wa Bwana Kweyu.